Mwendo wa Mwanne

Kabla watu hawajaanza kusema kwamba Mwanne binti Adamu anakunywa mvinyo, walikuwa wakisema kwamba zabibu zake ndizo tamu kuliko za wengine wote pale kituo cha bajaji cha Area D, mjini Dodoma. Msimu ulipofika alikwenda mwenyewe mashambani Makutupora asubuhi, akachagua vishada kimoja kimoja, akavipanga kwenye beseni na kuvifunika kwa kanga iliyolowa maji ili jua lisivikaushe. Msimu ukiisha aliuza karanga na mapapai. Alikuwa Mrangi wa vilima vya Kondoa, mjane wa dereva wa lori aliyeitwa Jamaldini, na aliishi Miyuji katika nyumba ambayo marehemu aliiacha haijapigwa lipu upande wa nyuma. Kwa beseni lile alimsomesha binti yake wa pekee, Rukaya, mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Alikuwa mtu wa kujistahi. Mtandio wake haukuteleza kichwani hata upepo wa Dodoma ukivuma kwa hasira, na hakuwahi kula akiwa amesimama barabarani. Kama mteja alimtania utani wa kupita kiasi, alijibu kwa kumpimia zabibu zake kimya kimya na kumgeukia anayefuata.

Mambo yalianza kwenye miguu. Alipokuwa akishuka kwenye bajaji, mguu aliutuma hapa, ukatua pale. Akalaumu viatu, akanunua vingine vya raba. Ikafika mahali anatembea miguu ameitanua, kama mtu anayekanyaga juu ya godoro, na kila alipopita karibu na ukuta mkono wake uliutafuta ukuta bila yeye kuuamuru. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alijiambia ni uchovu, ni damu kupungua, ni mambo ya wanawake wa umri wake.

Siku aliyoanguka mbele ya watu ilikuwa saa nne, kituo kimejaa. Beseni lilimtoka kichwani, zabibu zikatawanyika mpaka chini ya bajaji zilizopanga foleni, na yeye akaenda chini kwa kiuno, kanga ikamfunuka magoti. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Leo mama ameonja mzigo wake kabla haujafika kiwanda cha mvinyo!" Watu wakacheka. Mwanne naye akacheka, akajifunika, akainuka kwa kushika mguu wa meza. Kicheko kile ndicho kilichomuuma zaidi baadaye. Aliona kama amekubali.

Tangu hapo utani ukageuka habari. Jioni akichoka, ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka yameburutwa, na mtu aliyemkuta saa hizo aliondoka akiwa na hakika. Muuza zabibu, tena mjane, nani wa kumkataza? Baadhi ya wateja wakahamia meza nyingine. Mwislamu mwenzake mmoja aliyemjua miaka mingi alianza kumpita bila salamu.

Ndipo ikaja posa ya Rukaya. Mchumba aliitwa Hamidi, fundi wa umeme, kijana mtaratibu. Mama yake, Bi Mwanaidi, alifika Miyuji na shangazi wawili kuona nyumba na watu wake. Mwanne aliamka mapema, akapika visheti, akapanga vikombe vya maua kwenye sinia. Akavuka kizingiti cha sebule na sinia mikononi. Mguu ukamsaliti. Chai ya moto ikammwagikia Bi Mwanaidi mapajani.

"Nisamehe, dada yangu, nisamehe," Mwanne alisema, na kwa fadhaa maneno yakamganda mdomoni na kutoka nusunusu.

Bi Mwanaidi alijipangusa kwa ncha ya kanga yake. Halafu akainama karibu na uso wa Mwanne, kana kwamba anamsaidia kuokota vikombe, akavuta pumzi kwa pua. Mwanne alikiona kitendo kile. Rukaya naye alikiona.

Wageni walipoondoka, Rukaya alikaa kwenye mkeka mbele ya mama yake.

"Mama, nikuulize kitu, usinikasirikie. Unakunywa?"

"Mimi?" Mwanne alimtazama. "Mimi nilikuzaa, nikakulea kwa jasho, unaniuliza hilo?"

"Nauliza kwa sababu watu wanasema. Hamidi mwenyewe kaambiwa kazini."

"Toka mbele yangu, Rukaya."

Wiki ile ile, bila kumwambia mtu, Mwanne akaenda hospitali. Daktari aliyempokea, mtu wa makamo aliyeitwa Silvano, alimtembeza kwenye korido kwa mstari, akamwambia aguse pua kwa kidole, akamtazama macho muda mrefu. Kisha akamuuliza, "Katika ukoo wenu, mama, kuna mtu aliyewahi kutembea namna hii?"

"Hakuna," Mwanne alijibu haraka.

Ulikuwa uongo. Alikuwepo baba yake.

Mzee Adamu alikuwa mkulima wa ulezi na alizeti huko vilimani, na ndiye aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti mdogo wa kijiji. Mwanne akiwa msichana, baba yake alianza kupepesuka. Alianguka kwenye ngazi za msikiti mara moja, mara mbili, sauti yake ya adhana ikaanza kuburuta, na wazee wakamwambia apumzike, wakampa kazi hiyo mtu mwingine. Ilisemwa kwamba anakunywa pombe ya mtama kwa siri. Aliapa kwa Mwenyezi Mungu, hakuna aliyemwamini. Hata wanawe hawakumwamini. Alipofikia kukaa barazani siku nzima, kichwa kikimtikisika, Mwanne alikuwa akipita njia ya nyuma na ndoo yake ya maji ili asimpite baba mbele ya wenzake. Alikufa akipaliwa na uji. Nyumbani hawakulizungumza tena jambo lile, na Mwanne alikuja mjini akiwa amelifunga moyoni kama mzigo usio wake.

Sasa angemwambiaje mtu mgeni mwenye koti jeupe kwamba ndiyo, baba yangu alikuwa mlevi?

Alipewa vidonge vya vitamini akarudi nyumbani. Miezi ikapita, hali ikazidi. Alipoanza kupaliwa na maji ya kunywa, alishtuka, maana hilo alilikumbuka. Akarudi kwa Daktari Silvano na safari hii akasema yote, macho yake chini, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

Daktari hakumkaripia. Alimwambia tu, "Mama, huenda baba yako hakuwahi kunywa hata tone."

Mwanne hakulia pale. Alitoa mkono, damu ikachukuliwa, ikapelekwa nje ya nchi kwa kuwa kipimo chenyewe hakikuwepo karibu. Majibu yalipofika aliitwa. Ndani ya chumba, pamoja na daktari, alikuwepo msichana aliyevaa hijabu ya kijivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Asma. Nasoma shahada ya juu hapa Dodoma. Dokta aliniomba nije kwa sababu jeni iliyoonekana kwenye damu yako ndiyo ninayoisoma."

Daktari ndiye aliyeeleza ugonjwa. Mwilini mwa kila mtu, alisema, kuna protini inayoitwa prioni, na haina ubaya wowote inapokuwa imekunjika vizuri. Kwa Mwanne, herufi moja ya maelekezo ya kuitengeneza imekosewa, kosa ambalo bila shaka alilirithi kwa baba yake. Kwa ajili hiyo protini ile hukunjika vibaya, na ikishakunjika vibaya huziharibu zilizo jirani, nazo zikaharibu nyingine. Uharibifu umeanzia kwenye sehemu ya ubongo inayoshika mwendo. Dawa ya kuuponya haipo.

Mwanne akamgeukia msichana. "Na wewe unasoma nini humo, kama dawa haipo?"

Asma alisita. Akavuta uzi uliokuwa umechomoza kwenye pindo la hijabu yake, akaukata kwa meno. "Jeni, mama, ni maandishi ambayo hayatoki kwenye kabati lake. Mwili ukitaka kutengeneza protini hunakili maandishi yale, na nakala ndiyo inayopelekwa kazini. Nakala hiyo inaitwa RNA. Ni kama uzi mmoja mrefu." Akausokota uzi kwa vidole viwili, akausokota sana, halafu akazisogeza ncha zake zikaribiane. Uzi ukajirudia wenyewe, ukajipinda, ukafanya kitanzi na kifundo. "Unaona? Hakuna aliyeufunga. RNA nayo hujikunja hivi. Mimi natafuta vifundo vya RNA ya jeni hii: viko wapi, na vinafanya nini. Huenda vinachangia kuamua protini itengenezwe nyingi au kidogo. Hatujui vizuri bado. Ila tukijua, labda siku moja mtu ataweza kuipunguza protini hiyo kabla haijaharibu."

"Mimi nitakuwepo?"

Asma alikunja uzi kiganjani. "Sidhani, mama. Sitaki nikudanganye."

Mwanne alimpenda kwa jibu lile. Ndipo akalitoa alilokuwa nalo moyoni tangu aingie. "Nina binti."

"Kila mtoto," Daktari Silvano alisema, "anaweza kuwa ameirithi au hakuirithi, nusu kwa nusu. Anaweza kupimwa akitaka. Asipotaka ni haki yake pia. Lakini ni yeye wa kuamua, mama. Mweleze. Ukipenda tutakuwa nawe ukimweleza."

"Nitamweleza," Mwanne alisema.

Hakumweleza. Alirudi Miyuji, akamkuta Rukaya anashona shanga kwenye gauni la sherehe yake ya kuagwa, uso umejaa furaha. Mwanne alimtazama vidole, vikienda vizuri, sindano ikiingia palepale ilipotakiwa. Usiku kucha na siku zilizofuata alilipindua jambo lile moyoni. Akina Bi Mwanaidi wakisikia kwamba kuna ugonjwa kwenye damu, nani atamwoa huyu? Na nani mwingine atamwoa baada yao? Mlevi anaweza kutubu, watu wakasahau. Damu haitubu.

Kwa hiyo Rukaya alipomuuliza tena, kwa sauti ya chini na macho mekundu, baada ya Hamidi kumwambia kwamba Bi Mwanaidi anataka kuivunja posa kwa ajili ya sifa mbaya ya mkwe, Mwanne alishika ukingo wa kitanda akasema:

"Ndiyo."

"Ndiyo nini, mama?"

"Nilikuwa naonja. Nilianza baada ya baba yako kufa. Nitaacha. Waambie nimetubu."

Rukaya aliweka kiganja mdomoni. Halikuwa jibu alilolitarajia, pamoja na yote. Mwanne aliona jinsi uso wa mwanawe ulivyojifunga, kama mlango unavyofungwa taratibu ili mgonjwa asiamke. Toka siku hiyo binti alimhudumia kwa adabu yote na hakumtazama machoni. Alikagua kabati la vyombo. Alinusa vikombe. Mwanne alimwona akifanya hivyo na akageukia ukutani, uso ukimwaka, kwa aibu ya kitu ambacho hakuwahi kukionja.

Akina Hamidi walilegea kidogo. Mama aliyetubu walikuwa tayari kumvumilia, mradi asionekane sana. Siku ya kuleta mahari ikapangwa. Kaka yake Mwanne, Khamisi, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye bado alilima mwenyewe, alitoka Kondoa kuja kusimama upande wa mama.

Asubuhi ya siku ile Rukaya aliingia chumbani kwa mama yake, akasimama mlangoni. "Mama, naomba leo ukae humu. Wakiuliza nitasema unaumwa kichwa."

"Sawa, mwanangu."

Alikaa humo. Alisikia wageni wakipokelewa kwenye sebule yake, akasikia sahani zake, akanusa pilau ambalo kwa kawaida angelipika yeye. Wanawake walipopiga vigelegele alifungua mdomo naye, ulimi ukakataa. Aliketi kitandani, amevaa gauni lake jipya, hakuna wa kumwona.

Wageni walipokwisha kutawanyika, alasiri, Khamisi aliingia kumuaga. Alivuta kigoda akakaa. Alikuwa ameshaambiwa habari za ulevi.

"Mwanne," alisema kwa huzuni tu, bila ukali. "Wewe pia? Kama baba?"

Mwanne alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Lile hakulitegemea. Maneno mawili yale, kama baba, yalimpata mahali pasipo na ulinzi. Yule mzee aliapa kwa Mungu wake na akafa hajaaminiwa, na sasa yeye, mtu pekee katika ukoo aliyejua ukweli wake, ndiye aliyemrudisha tena kwenye ulevi ili kuficha jambo.

"Baba hakunywa," alisema.

"Unasemaje?"

"Baba hakunywa, kaka. Niitie Rukaya."

Rukaya akaja, mikono ina maji ya vyombo. Mwanne aliwaeleza wote wawili. Ilimchukua muda mrefu maana ulimi ulikwama, na mara mbili ilimbidi aanze upya. Aliwaambia habari za prioni na herufi moja iliyokosewa, habari za Asma na uzi wake, habari za nusu kwa nusu. Khamisi alivua kofia yake, akaishika magotini, machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Alikuwa akinong'ona jina la baba yao.

Rukaya hakulia. "Toka lini unajua?"

"Toka kabla hujaniuliza mara ya pili."

"Kwa hiyo uliona bora nikuone mlevi."

"Niliona bora uolewe."

"Nimenusa vikombe vyako, mama!" Sauti ilimpanda. "Nimekufungia ndani, leo, nyumbani kwako, na wewe umekaa umeniachia nifanye hivyo. Na mimi ningeolewa, ningezaa, sijui. Ungeniambia lini? Nikianza kuanguka?"

Mwanne alikuwa amedhani aibu anaibeba peke yake, kumbe amemtwisha mwanawe nusu bila kumwuliza. Rukaya alivua aproni, akatoka. Khamisi akataka kumfuata, Mwanne akamshika mkono. "Mwache. Ana haki."

Siku ya pili yake Rukaya alikwenda mwenyewe kumtafuta Asma, akakaa naye saa nyingi, akarudi na uso uliochoka. Hakueleza walilozungumza. Akampigia simu Hamidi, wakakutana, akamwambia yote kabla ya mtu mwingine kumwambia. Hamidi alisikiliza, akaomba muda. Mama yake hakuomba muda. Bi Mwanaidi alituma ujumbe kwamba ulevi angeuvumilia, ila balaa la ukoo hataliingiza nyumbani kwake. Mwanne aliposomewa ujumbe ule alifunika uso kwa kanga na kukaa hivyo mpaka magharibi, na ilikuwa kama yote aliyoyaogopa yalikuwa yakimsubiri tu njiani.

Mwezi wa Ramadhani ulipita bila neno kutoka kwa Hamidi. Baada ya Idi alikuja, pamoja na mjomba wake, bila mama. Alikuwa amekonda. Alimsalimu Mwanne kwa kumwinamia mkono, akasema, "Mama, nilichelewa kwa sababu niliogopa. Bado naogopa. Lakini nimekuja." Ndoa ilifungwa pale pale sebuleni, na watu wachache. Safari hii Mwanne alikuwepo, ameegemezwa mito, mwenye macho akimwona. Bi Mwanaidi hakuja siku ile, wala hajakanyaga Miyuji mpaka leo.

Khamisi alirudi kijijini, na Ijumaa iliyofuata aliwaomba wazee ruhusa asimame baada ya sala. Aliwaambia kwamba Adamu, aliyekuwa akiwaadhinia, alikuwa mgonjwa. Wengi wa waliomkataza kuadhini walikwisha kufa. Mmoja aliyebaki aliinamisha kichwa mpaka hotuba ya Khamisi ilipokwisha. Mwanne alipohadithiwa kwa simu alifurahi, kisha akakumbuka ndoo ya maji na njia ya nyuma, na furaha ikaisha.

Sasa Mwanne hatembei. Rukaya na Hamidi wamehamia chumba cha mbele, na Rukaya humwogesha mama yake kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mwanzoni Mwanne alikuwa akifumba macho wakati wa kuogeshwa, kama mtoto anayedhani hivyo haonekani. Asma huja mara kwa mara. Alipoomba damu nyingine kwa ajili ya utafiti wake, Mwanne alitoa mkono kabla hajamaliza kueleza. Rukaya humuuliza Asma maswali mengi, wakati mwingine mpaka chai inapoa. Kuhusu kupimwa amesema hapana, si sasa. Kuhusu mtoto, yeye na Hamidi bado wanazungumza, na mlango wao ukiwa umefungwa Mwanne husikia sauti bila maneno.

Asubuhi moja, akiwa anakaushwa mgongo, Mwanne alianza kusema jambo. Neno la kwanza lilikwama. Zamani Rukaya angelimaliza yeye, kwa haraka ya kuwahi kazini. Mwanne akajaribu tena, midomo ikahangaika, jasho likamtoka, akaona aibu, akataka kuacha.

"Sema tu, mama," Rukaya alimwambia. "Sina haraka."

Akatandika taulo sakafuni, akaketi, akaweka mkono juu ya goti la mama yake. Nje watoto wa shule walikuwa wakipita wakipiga kelele. Rukaya hakutazama saa. Alimtazama mama yake machoni mpaka neno likatoka lote.

"Ni... sa... mehe."

"Nimesikia," alisema Rukaya, akachukua mafuta akaanza kumpaka miguuni.